Sista Kerubo Anatuachia Kikombe cha Karatasi

Tarehe 30 Mei mwaka huu, Bi. Kerubo Nyaboke, muuguzi wa macho, anastaafu baada ya miaka ishirini na minne ya utumishi katika kliniki yetu hapa Maplewood. Siku hiyo atarudisha kitambulisho chake mapokezi na kuivua ile sweta nyekundu ambayo ameivaa kiangazi na majira ya baridi, kwa sababu vyumba vya macho havijawahi kupata joto la kumtosha. Baada ya hapo atapanda ndege kwenda Nyamira, Kenya, kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe, yenye baraza inayotazama mashamba ya chai. Picha za baraza hiyo tumeonyeshwa. Tumeonyeshwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kamati ya sherehe imenikabidhi mimi, mkalimani wa kliniki, kazi ya kuandika wasifu huu. Wamesema ni kwa sababu nimesoma vitabu vingi. Nashuku sababu ni nyingine. Kila mtu katika jengo letu anajua kwamba hakuna anayemwonea Kerubo wivu kama mimi, na kamati ilitaka mtu ambaye amemtazama kwa makini. Basi nimemtazama, na niliyoyaona ni haya.

Bi. Kerubo alizaliwa Nyamira, akasomea uuguzi Kisumu, na akafika Minnesota mwezi wa Januari akiwa amevaa viatu vya wazi, kosa ambalo kila Mkenya wa hapa anasema lilifanywa na Mkenya mwingine. Alianza kazi katika nyumba ya wazee Coon Rapids. Mchana aliwageuza wazee kitandani na kuwasikiliza wakimsimulia habari za mbwa wao waliokufa, na muda uliobaki alijisomea mtihani wa leseni. Akafaulu. Hapo ndipo wivu wangu unapoanzia, ingawa wakati huo nilikuwa sijamjua. Vyeti vyake vilisafiri naye ndani ya bahasha moja, mihuri yake ikisomeka. Vyeti vya wengine wetu vilibaki kwenye kabati Uvira, Kongo, na kabati lenyewe sijui limekuwa kuni za nani.

Alipohamia kliniki ya macho aliwekwa kwenye dawati la dharura, mahali ambapo simu hulia na mtu upande wa pili husema kuna kitu kimemwingia jichoni. Wengi wetu tunaposikia maneno hayo tunafikiria vumbi. Kerubo hafikirii kitu mpaka amalize kuuliza. Anataka kujua kitu hicho kilikuwa nini, kilitoka wapi, na kama kilikuja chenyewe au kilirushwa. Unyasi ulioletwa na upepo ni habari moja. Kipande cha chuma kilichorushwa na mashine ni habari nyingine kabisa, hata kama mgonjwa anacheka anapoisimulia.

Tofauti hiyo aliwafundisha wauguzi wapya kwa miaka yote, na nilipenda kusimama mlangoni kumsikiliza, huku nikijifanya nangoja mgonjwa. Mbele ya jicho, alisema, kuna konea, ngozi angavu kama kioo cha saa. Inaweza kukwaruzwa juu juu. Mtu atalia, atashindwa kufungua jicho, ataapa kwamba anakufa, na kwa matone ya dawa atapona upesi. Inaweza kukatwa kwa kina kidogo, nayo ikatibiwa kwa dawa, kwa lenzi laini inayokaa juu yake kama bandeji, au kwa tone la gundi maalumu, na mgonjwa akaambiwa arudi kesho bila kukosa. Na inaweza kukatwa mpaka ndani. Huyo wa mwisho pengine halii hata kidogo. Ndiye aliyemwogopesha Kerubo: mtu mtulivu, anayesema si kitu.

Kwa upande wa tabia, lazima yasemwe yote. Jumamosi Kerubo hakuguswa. Yeye ni Msabato, na alikuwa radhi kufanya kazi Krismasi, Mwaka Mpya na Jumapili zote za mwaka, mradi Jumamosi yake iachwe. Tuliwahi kumwonea wivu hata kwa hilo, kwamba Mungu wake alimpangia shifti nzuri kuliko meneja. Chakula chake cha mchana hakikuombwa. Kiti chake cha kuzunguka, kile kilichowekwa urefu sawasawa mbele ya darubini ya macho, hakikukaliwa. Mtu akikikalia, Kerubo alisimama nyuma yake kimya, akipumua, mpaka mtu huyo anyanyuke mwenyewe. Sasa watu watatu wanakigombania. Sitawataja. Mmoja wao si hata muuguzi.

Lakini wasifu wa Kerubo ungekuwa na pengo kubwa kama usingesimulia habari ya Ntwali. Wengi mmeisikia kanisani, kila mara ikiwa imeongezwa chumvi. Mimi nilikuwapo.

Wakongomani wa kanisa letu na Wasabato wa Kenya hukodi jengo moja la Walutheri. Wao hulitumia Jumamosi, sisi Jumapili, na katikati yetu kuna jiko moja. Mtu asiyejua atadhani makanisa hugombana kwa sababu ya mafundisho. Yetu yaligombana kwa sababu ya sufuria. Jumapili moja miaka kadhaa iliyopita, mwanzoni mwa msimu wa kukata majani, Kerubo alikuja na nguo za nyumbani kuchukua sufuria kubwa ya alumini, yenye mpini uliopinda, ambayo alidai Wasabato waliisahau jana yake. Mimi ndiye niliyekuwa zamu ya jiko.

“Sista, hii ni yetu,” nikamwambia. “Ona mpini ulivyopinda. Kina mama wetu waliiangusha kwenye harusi.”

“Ulipindia Nyamira huo. Hii nilikuja nayo kwa ndege, Mzee Callixte.”

“Kwa ndege, sufuria ya kulisha kanisa zima?”

“Niliijaza nguo. Wewe ulidhani nguo zangu zilikuja ndani ya nini?”

Ndipo Vestine alipoingia kuchukua chai. Vestine ni mke wa Ntwali, na Ntwali ni kijana wetu wa Fizi aliyefanya kazi na kampuni ya kukata majani, akizunguka na mashine kwenye bustani za ofisi kubwa kubwa za Golden Valley. Kila mtu kanisani alijua kwamba Ntwali ana jicho moja. Lile la kushoto lilipotea utotoni, kibanzi cha ukuni kilipomrukia na watu wakalitibu kwa majani mpaka likafa. Kwa jicho la kulia aliendesha gari, alisoma Biblia, na aliwatambua watoto wake.

“Papa Callixte, unibakishie mandazi mbili za Ntwali,” Vestine akasema. “Wanamuombea jicho. Jana waya ilimurukia kwenye kazi.”

Kerubo akaiweka sufuria chini. “Jicho gani?”

“Ile nzuri.”

Hakuuliza tena. Alitoka jikoni, mimi nyuma yake, nikitafuta miwani yangu katika kila mfuko wa koti.

Mbele ya kanisa Ntwali aliketi kwenye kiti, kichwa kimeegemezwa nyuma. Mchungaji Elisée alishika chupa ya mafuta ya zeituni. Inafaa nieleze desturi yetu kwa wageni watakaosoma kijitabu hiki. Sisi tunapomwombea mgonjwa, mkono huwekwa mahali panapouma: juu ya tumbo, juu ya goti, juu ya paji la uso. Kwa jicho, kidole gumba chenye mafuta hukaa juu ya kope, na kadiri maombi yanavyopanda ndivyo mkono unavyoongezeka uzito. Nimeombewa hivyo mimi mwenyewe, na niliondoka nikiona nyota. Kidole cha Mchungaji kilikuwa kimeshapakwa mafuta na kinashuka.

“Mchungaji, samahani,” Kerubo akasema toka katikati ya viti. “Mkono uweke begani.”

Mchungaji akageuka. “Mama, huyu anaumwa jicho. Haumwi bega.”

“Najua. Na Mungu anajua. Uweke begani.”

Mtu mmoja nyuma akacheka. Mchungaji Elisée ni mtu mwema, na heshima yake haikumzuia kusikia. Alimtazama Kerubo, akafuta kidole kwenye leso, akauweka mkono begani.

Kerubo akachuchumaa mbele ya kiti. Hakumgusa Ntwali. Alimwambia afungue jicho mwenyewe, kadiri awezavyo, naye akaiwasha taa ya simu na kuishikilia upande.

“Nieleze. Ilikuwa nini?”

“Waya, Maman. Nilikuwa nakata kandokando ya uzio, kitu ikaruka. Ni kadogo tu. Haiumi sana. Iko inalia tu.”

“Ilipokugonga, ulisikia nini kwa shavu?”

Ntwali akafikiri. “Maji ya moto. Ilishuka mara moja, kisha ikaacha.”

“Na saa hii unanionaje?”

“Nakuona kama umesimama ndani ya moshi.”

Ndipo miwani yangu ikapatikana, nami nikainama kuangalia. Mboni ya jicho zima ni duara. Ya Ntwali ilikuwa imevutwa upande mmoja, imechongoka kama mbegu ya boga. Nilijua maana yake. Waya ulikuwa umeikata konea mpaka ndani, maji ya jicho yamevuja, na ile sehemu yenye rangi imesogea kwenye mkato na kuuziba, kama nguo iliyobanwa na mlango. Jicho la namna hiyo halina nguvu ya kubana kitu. Ukilibonyeza, hata kwa upendo, yaliyomo hutoka.

Nilijua kwa sababu kabla ya kuja huku nilikuwa msaidizi wa matibabu ya macho katika kambi moja magharibi mwa Tanzania, miaka mingi. Mboni zilizochongoka nimeziona, za wapasua kuni na za watoto. Kuzitambua sikushindwa. Nilichokosa ni mahali pa kuzipeleka. Daktari mwenye sindano na uzi alikuwa mbali, mvua ilikuwa karibu, na gari likawa la wiki ijayo. Nataka Kerubo aelewe kwamba wivu wangu mkubwa kwake uko hapo. Si cheti, wala kiti, wala baraza. Ni kwamba yeye, kila alipoiona mboni ya namna ile, alinyanyuka na kuchukua funguo za gari.

Vestine alikuwa ameleta chai na mandazi.

“Asile,” Kerubo akasema.

“Tangu jana hajakula vizuri.”

“Asile, dada yangu, na asinywe. Leo atapasuliwa. Watampa dawa ya usingizi, na tumbo linatakiwa liwe tupu.”

“Unamukatalia bwana yangu chai mbele ya kanisa?”

“Mbele ya kanisa ndiyo vizuri. Kila mtu asikie, asije mwingine kumpa kwa huruma.”

Kwetu, kumnyima mgonjwa chakula ni tusi, na kumnyima mbele za watu ni tusi lenye mashahidi. Vestine alisimama na kikombe mkononi, machozi yanamlenga. Kisha akasogea karibu na kusema kwa sauti ndogo, “Jana nilimutilia maziwa. Ya kunyonyesha. Mama yangu ndivyo alifanya.”

“Hata wangu alinitilia,” Kerubo akasema. “Mwambie daktari hivyo hivyo, usifiche. Ila jicho lililokatwa halitaki kitu ndani yake. Si maziwa, si maji, si dawa ya duka. Sasa hicho kikombe chako ni cha karatasi?”

Kilikuwa cha karatasi. Kerubo aliimwaga chai, akakausha kikombe, akaomba mkasi wa kina mama wa mapambo, akakata kitako chake pamoja na ukingo mfupi. Akakiweka juu ya jicho la Ntwali kama kifuniko, ukingo ukikaa juu ya mfupa wa nyusi na mfupa wa shavu, bila kugusa kope. Akakishika kwa utepe wa gundi uliokuwa umeshika bango la Pasaka. Bango likaanguka upande mmoja, na likabaki hivyo mpaka Pentekoste.

“Usipenge kamasi,” akamwambia. “Usiiname. Ukitaka kukohoa, niambie.”

“Nikikuambia utafanya nini?”

“Nitakukasirikia.”

Ntwali akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza. Alikuwa sasa gizani kabisa, jicho moja limekufa na jingine liko chini ya kitako cha kikombe, na alinyoosha mkono kumtafuta mkewe. Vestine aliushika.

Penye gari Kerubo alisema, “Nita-drive mimi. Wewe Mzee unaendesha kama umebeba mayai.”

“Leo tumebeba yai, Sista,” nikamjibu.

Akanitazama, akacheka, akanipa funguo. Huo ndio ushindi wangu pekee katika habari hii, na naomba ubaki kwenye kumbukumbu za kliniki. Niliendesha polepole mpaka hospitali. Mchungaji Elisée aliketi nyuma, mkono begani pa Ntwali, akiomba kwa sauti ya chini, jambo ambalo hatukulijua kuwa liko ndani ya karama zake.

Daktari wa zamu alikuwa Natasha Muriuki, binti wa Wakenya, aliyekulia hapa. Kiswahili anakielewa chote, lakini hujibu kwa Kiingereza, kama watoto wetu wote. Aliondoa kikombe taratibu, akatia tone la rangi ya machungwa jichoni, na chini ya mwanga wa buluu tukaona kijito chembamba kikitoka kwenye mkato na kuipasua ile rangi. Konea ilikuwa inavuja. Akaagiza kila kitu kwa mpigo mmoja: picha ya kuangalia kama kipande cha waya kimebaki ndani, dawa ya kuzuia vijidudu ya kuingizwa mshipani, sindano ya pepopunda, na dawa ya kuzuia kutapika, kwa sababu mtu akitapika jicho hubanwa kutoka ndani kama limebonyezwa na mkono.

Halafu akakiinua kile kikombe na kuuliza ni nani aliyekiweka.

Nikamtafsiria Ntwali swali. Ntwali akajibu, “Ni Mama Kerubo. Watu walikuwa wanataka kunibonyeza, yeye akakataa. Kama naona kesho, ni yeye.” Kazi yetu ina sheria ambayo wengi hawaijui: mkalimani husema kwa nafsi ya kwanza, neno kwa neno, wala haongezi wala hapunguzi. Kwa hiyo ni kwa kinywa changu mwenyewe, kwa Kiingereza safi, mbele ya daktari na wauguzi, nilitamka kwamba nikiona kesho, ni kwa ajili ya Kerubo. Sikupunguza hata koma. Kerubo alikuwa kando anakunja mikono ya sweta yake, akijifanya hasikii.

Vestine alimuuliza daktari, “Ataona?”

Dakta Natasha aliweka kalamu mfukoni. Nilikuwa nimeshajiandaa kutafsiri. Akajibu mwenyewe, kwa Kiswahili, mara ya pekee niliyowahi kumsikia: “Sijui, Mama.”

Walimshona Jumapili hiyo hiyo, kwa uzi mwembamba kuliko unywele, chini ya darubini, wakairudisha ile sehemu yenye rangi mahali pake. Waya wote ulikuwa umebaki Golden Valley. Jicho likafunikwa kwa ngao ya plastiki, na mpaka kesho yake hakuna aliyejua kitu. Watu wa kanisa walitupigia simu Vestine na mimi. Kerubo hakupiga. Kesho yake alifika kazini kabla ya sisi sote, na hakumruhusu mtu yeyote aseme naye mpaka Ntwali alipoletwa.

Sote tulisimama katika chumba kimoja: daktari, Vestine na mtoto mgongoni, Kerubo miguuni pa kiti, na mimi kando ya Kerubo katika koti langu la kijivu. Ngao ikatolewa. Jicho lilikuwa jekundu na limevimba, na Ntwali alilifungua kwa shida. Daktari akamuuliza anaona nini, nami nikatafsiri.

Akapepesa jicho mara mbili. Tulisikia mashine ya hewa.

“Naona nyekundu,” akasema. “Nyekundu imesimama. Ni sweta ya Mama Kerubo.”

Vestine akaketi sakafuni na mtoto wake. Daktari akaandika. Kisha akamwomba amwambie ni nani aliyesimama kando ya hiyo nyekundu.

Ntwali akakaza jicho. “Kando yake hakuna mtu,” akasema. “Ni ukuta.”

Nikatafsiri.

Kerubo alicheka mpaka akalazimika kutoka nje, na alipokuwa kwenye ukumbi kicheko kiligeuka kuwa kitu kingine. Nilimfuata na leso. Alisema nirudi ndani nisimame vizuri ukutani.

Mengine yalikwenda kwa mwendo wa macho, ambao ni wa polepole: matone asubuhi na jioni kwa miezi, nyuzi kutolewa moja moja, kisha lenzi ngumu ya kunyoosha kile ambacho kovu lilikipinda. Ntwali alirudishiwa leseni ya udereva. Sasa anaendesha gari la kusafirishia wagonjwa wa kliniki, na akipita karibu na mtu mwenye mashine ya kukata majani hushusha kioo na kumuuliza miwani yake ya kazi iko wapi. Binti yao aliyefuata anaitwa Kerubo. Mimi, niliyetafsiri kila neno na kuendesha gari, sikupewa hata jina la pili la mtoto huyo.

Tangu hapo, kila mwaka theluji inapoisha na mashine zinapotolewa kwenye magereji, Kerubo amezunguka makanisa ya Maplewood, Coon Rapids na Saint Paul na mfuko wa vikombe vya karatasi na utepe wa gundi. Anaonyesha namna ya kukata. Anawaambia watu wasisugue, wasibonyeze, wasioshe jicho lililokatwa, wasichomoe kilichochoma, wasimlishe mgonjwa, wamfunike na kumleta. Anasisitiza kwamba dawa na sabuni ni jambo jingine. Zikiingia jichoni, hapo osha, tena maji mengi. Wagonjwa waliofika kwetu wakiwa na kitako cha kikombe usoni wameongezeka, na madaktari wapya huuliza kama ni kifaa cha kiasili cha Afrika Mashariki. Mchungaji Elisée naye, anapomwombea mwenye shida ya jicho, huweka mkono begani. Waumini waliojiunga karibuni wanaamini imeandikwa mahali.

Na sasa anaondoka. Nimewasikia wenzangu wakisema wanamwonea wivu kwa kupumzika. Mimi kupumzika sikuoni kuwa kitu; nitapumzika pia, siku moja, kwenye ghorofa yangu. Ninachomwonea wivu ni kwamba akisema nyumbani, ndege inafika. Anazo funguo za mlango. Jirani yake ni yule yule aliyemwacha, na amemtunzia ng'ombe. Ukiniuliza mimi Uvira iko wapi, nitakuchorea mtaa, ziwa upande huu, mlima upande ule, duka la rangi ya buluu kwenye kona. Nitachora kwa usahihi. Lakini hakuna ramani nyingine yenye mtaa huo kama nilivyouacha, na sisi wengine tunastaafu kwenda Coon Rapids.

Niliomba jambo moja tu katika maandalizi haya, nimpeleke mimi uwanja wa ndege. Nilikumbusha kamati kwamba nina uzoefu wa kuendesha nikiwa nimebeba vitu vya thamani. Ntwali akasimama mwisho wa kikao na kusema, kwa heshima, “Papa Callixte, nisamehe. Ni jicho langu, na barabara ni yangu.” Kamati nzima ikapiga makofi. Nitakaa nyuma. Nimeruhusiwa kushika mkoba.

Kwa niaba ya madaktari, wauguzi, wakalimani, na wagonjwa ambao leo wanaweza kuusoma ukurasa huu kwa macho yao wenyewe, asante, Sista. Sufuria haionekani jikoni tangu mizigo yako ilipotumwa kwa meli, na hatutauliza. Nenda ukae kwenye baraza yako. Chai ikikomaa, itazame kwa macho mawili, na umtazamie kidogo na Mzee mmoja aliyesimama kando yako, hata kama utamwona kama ukuta. Maisha yako ya mbele yawe mema, tena mema kuliko tunavyoweza kuvumilia.

Callixte, mkalimani